Antibayotiki kwa mifugo hapa Malindi: mwongozo kamili wa kununua sawa, kutumia sawa na kupunguza

Mwongozo huu ni wa mtu anayefuga hapa kwetu, iwe ni broila mia mbili nyuma ya nyumba kule Ganda, ng'ombe wawili wa maziwa Msabaha, mbuzi wa Marafa na Langobaya ama punda wa mkokoteni pale mjini. Nimeuandika sababu kwa kaunta za agroveti naskia maneno yale yale kila mara, nipe ile ya kudunga, mbuzi wangu hali. Mtu anapewa chupa ya oksitetra, yaani oksitetrasaiklini, antibayotiki ya sindano, analipa, anaenda zake. Hakuna aliyeuliza huyo mbuzi ana joto ama hana, anahara ama anakohoa, ana kilo ngapi, ana mimba, ananyonyesha, na maziwa yake yanaenda wapi. Chupa imetoka na ugonjwa haujulikani, na hapo ndo shida yote inaanzia, kwa hivyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kabla hujafungua chupa.

Kwanza uelewe kwa nini tunasumbuana na hii habari. Dawa unazomdunga mbuzi, oksitetrasaiklini, penisilini, streptomaisini, sulfa, jentamaisini, ni jamii moja na zile mtoto wako anapewa hospitali. Vijidudu vikizoea dawa kwenye boma lako haviishi boma, vinatoka na maziwa, na nyama, na mikono yako, na samadi unayomwagia mchicha. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu kama milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja sababu ya vijidudu visivyosikia dawa. Na si jambo jipya, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya papo hapo kwamba dozi ndogo ndogo zitavifundisha vijidudu kustahimili. Dozi ndogo ndogo ndo tunazotoa mpaka leo.

Hatua ya kwanza: jua kama huo ugonjwa unasikia antibayotiki

Antibayotiki inaua bakteria. Haiui virusi, haiui minyoo, na vile vidudu vya damu vinavyoletwa na kupe na mbung'o vingi wala havishtuki nayo. Sasa angalia magonjwa yanayotumaliza hapa pwani uone ni mangapi yana uhusiano na hio chupa.

Kuku. Kideri, wengine huita Newcastle, ni virusi. Kuku anahara kijani, anapinda shingo, anakufa mmoja leo, kesho kumi. Hakuna antibayotiki ya kideri, haipo, ukiona mtu anakuuzia poda ya kutia kwenye maji ati inaponya kideri anakuuzia rangi ya maji. Gumboro ni virusi pia, inapiga sana vifaranga wa wiki tatu mpaka sita. Ndui ya kuku, vile vipele vya usoni na kwenye upanga, virusi. Kuhara damu kwa vifaranga ni koksi, hicho ni kidudu kingine kabisa si bakteria, na dawa yake ya kawaida ni amproliamu, ambayo haitumiki kutibu maradhi ya watu, kwa hivyo ukiwa na koksi uliza amproliamu kwanza kabla hujarukia sulfa.

Ng'ombe. Ndigana kali inaletwa na kupe yule wa masikioni, dalili yake ni homa kali, matezi kuvimba chini ya sikio na mbele ya bega, mwisho ng'ombe anapumua kwa shida na povu puani. Dawa yake ni bupavakwoni na ni ghali, najua, ndo maana watu wanajaribu oksitetra kwanza, siku mbili tatu zinapita, na wakishtuka ng'ombe ashafika pale ambapo hata hio dawa ghali haimsaidii. Umelipa mara mbili na ng'ombe umemkosa. Nagana, ile ya mbung'o, wanaoishi karibu na msitu wa Arabuko Sokoke wanaijua vizuri, ng'ombe anakonda tu, nywele zinasimama, macho yanatoka machozi, huyo anahitaji dawa za nagana kama diminazini na wala si antibayotiki. Ugonjwa wa miguu na midomo ni virusi.

Mbuzi na kondoo. Sotoka ya mbuzi ni virusi. Mbuzi aliyekonda, taya limevimba chini na ukifunua kope la chini ndani ni peupe badala ya pinki, huyo damu yake imekunywewa na minyoo, mpe dawa ya minyoo kwa uzito wake. Kufunua kope ni bure na kunachukua sekunde, fanya hivo kwa kila mbuzi kabla ya kufikiria sindano.

Sasa zile zinazosikia kweli, manake sisemi antibayotiki ni mbaya, zinaokoa na ndo maana twataka zibaki na nguvu. Homa ya mapafu ya mbuzi inasikia oksitetra na taylosini. Lakini penisilini haimgusi yule mdudu wake, sababu penisilini inabomoa ukuta wa bakteria na huyu hana ukuta, hivyo mtu anayedunga penisilini kwa kila mbuzi anayekohoa anaweza kudunga wiki nzima bila chochote. Ndigana baridi inasikia oksitetra. Uvimbe wa kiwele mwingi ni bakteria, kuoza kwato ni bakteria, kitovu cha ndama kilichooza ni bakteria. Kimeta ni bakteria, lakini kimeta usikiguse wewe mwenyewe, nitakirudia chini.

Nunua kipimajoto cha kawaida cha dijitali, kiwe cha mifugo peke yake. Ng'ombe mzima huwa kati ya digrii 38 na 39.3, mbuzi karibu 38.5 hadi 39.7, punda mkubwa yuko chini, kama 36.5 hadi 37.8. Pima asubuhi mnyama akiwa kivulini, sababu saa nane mchana kwa jua letu hili hata mzima atakuonyesha joto. Homa haikuambii ni bakteria, virusi navyo vinaleta homa, lakini mnyama asiyekula na hana joto kabisa mara nyingi tatizo lake ni tumbo, meno, minyoo, ama amekula plastiki. Andika joto, angalia kinyesi, kope, matezi, pumzi, kisha upige simu ukiwa na la kusema.

Hatua ya pili: mpigie mtu aliyesajiliwa

Kenya tuna sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, ndo inayosajili, daktari wa digrii na pia wale wa diploma na cheti. Mwenye kutibu mifugo yako lazima awe na namba ya usajili na leseni ya mwaka huu. Kumuuliza si kumkosea adabu, sema tu, daktari naomba namba yako ya KVB niandike kwa daftari. Aliyesajiliwa atakupa bila shida.

Najua kilio chenu, daktari yuko mbali, nauli ya pikipiki mpaka Langobaya na kurudi ni pesa nyingi kushinda chupa yenyewe. Hapo nawaomba mfanye vile vikundi vingine vinafanya, jikusanyeni wafugaji kumi ama ishirini wa mtaa mmoja, muelewane na mtaalamu mmoja awe anapita siku maalum, mnagawana nauli, na siku za katikati anawasikiliza kwa simu na picha na video mnazomtumia. Akishaijua mifugo yenu ushauri wake kwa simu unakuwa na maana. Na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ipo kwa ajili yenu, chanjo za sotoka na za miguu na midomo zinapopangwa zinapitia huko, jueni nani anahusika wadi yenu mapema.

Hatua ya tatu: kununua

Dawa za mifugo Kenya zinasimamiwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, VMD, iliyoanzishwa kwa kanuni za mwaka 2015 chini ya ile sheria ya 2011. Kazi yao ni kusajili kila dawa ya mifugo kabla haijauzwa, kutoa leseni kwa wanaoingiza, wanaotengeneza na wanaouza, na kukagua. Antibayotiki zinatakiwa ziandikwe na mtaalamu. Kwa karatasi mambo ni safi kabisa. Kwa kaunta bado, na mimi sitaki kumtupia lawama mfugaji peke yake, wakaguzi ni wachache na muuzaji naye anaogopa ukimnyima utaenda duka la pili. Lakini wewe mteja una nguvu zaidi ya unavyodhani, fanya hivi.

Ukiingia tafuta leseni ukutani, ya mwaka huu. Ukipewa chupa isome kabla ya kulipa: jina la dawa yenyewe si jina la kampuni tu, nguvu yake ni asilimia ngapi, namba ya usajili, tarehe ya kuisha, namba ya bechi, mnyama gani anaruhusiwa, dozi kwa kilo, na siku za kusubiri za maziwa na nyama, nitazieleza hatua ya tano. Lebo ikikosa siku za kusubiri ama imefutika, rudisha. Kifuniko kikiwa kishatobolewa, rudisha. Usikubali kamwe dawa iliyovutwa kwa sirinji ukaambiwa hii ni ya mbuzi mmoja, ama poda iliyopimwa kwa kijiko ikatiwa kwa karatasi ya plastiki, huna namna ya kujua ni nini wala iliisha lini. Na vidonge vya watu vile vya rangi mbili usiwape kuku.

Joto letu ni adui mwingine. Lebo nyingi zinasema weka chini ya digrii 25 ama 30, na duka la mabati bila feni hapa Malindi mwezi wa pili linapita hapo bila taabu. Chupa ikikaa dirishani inapigwa jua, kataa. Oksitetra iliyogeuka rangi ikawa kahawia nzito kuliko kawaida yake, kataa. Chanjo ndo kabisa, lazima itoke kwa friji inayofanya kazi na uibebe kwa barafu. Beba chupa ya maji iliyogandishwa ndani ya kikapu, isikushinde.

Chukua risiti kila mara. Dawa ikikosa kufanya kazi ama mnyama akidhurika, risiti na namba ya bechi ndo zinamwezesha mtaalamu kupeleka malalamiko VMD wakafuatilia hio bechi. Bila hizo ni maneno tu.

Kuna dawa nyingine zisiingie boma lako bila mtaalamu kukuambia kwa sababu maalum. Enrofloksasini, ile poda ama maji ya kuku inayopendwa sana, ni jamii ya dawa ambazo Shirika la Afya Duniani linaziweka daraja la juu kabisa kwa umuhimu wa kutibu watu, na Marekani waliizuia kwa kuku tangu 2005. Kolistini hivyo hivyo, mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamepata kwa nguruwe, nyama na wagonjwa kipande cha urithi kinachofanya bakteria kuishinda kolistini na kinachoruka kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na China ikaiondoa kwenye chakula cha kukuzia mifugo mwaka 2017. Hii ni dawa ambayo hospitali inabakisha kwa mgonjwa aliyeshindikana na dawa zote, na wewe unawapa vifaranga sababu wamezubaa. Kloramfenikoli usimpe kabisa mnyama wa kuliwa.

Hatua ya nne: pima uzito, piga hesabu ya dozi

Mazoea ya hapa ni ng'ombe mili kumi, mbuzi mili mbili, basi. Hebu tuone.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, jibu lizidishe kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Unapata kilo, si kamili lakini karibu. Ng'ombe wa mzingo 150 na urefu 130: 150 mara 150 ni 22,500, mara 130 ni 2,925,000, gawanya kwa 10,840 unapata kama kilo 270. Lebo ikisema mili 1 kwa kila kilo 10, huyo anataka mili 27. Wewe ulimpa kumi, yaani zaidi kidogo ya thuluthi ya dawa, bakteria dhaifu wamekufa na wale wagumu wamebaki wakazaana, halafu unasema dawa ya siku hizi haina nguvu. Mbuzi wa mzingo 70 na urefu 60 anakuja kama kilo 27, anataka mili 2.7.

Mili nyingi usizijaze mahali pamoja, lebo inasema mwisho ni ngapi kwa sehemu moja, gawa pande mbili za shingo. Shingoni, si kwenye paja, paja ndo nyama ya bei na sindano inaacha jipu. Sindano mpya kwa kila mnyama, ama ichemshwe. Na idadi ya siku ni ile aliyoandika mtaalamu, si mpaka utakapomuona amesimama. Siku zikiisha na hakuna mabadiliko usiongeze dawa nyingine juu yake wala usichanganye mbili kwa sirinji moja, mpigie aliyekuandikia.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wakubwa usiwape antibayotiki kwa mdomo ovyo, tumbo lao linasaga majani kwa msaada wa bakteria wazuri, utawaua hao na mnyama atakosa kula zaidi. Punda naye utumbo wake ni mwepesi kuharibika, antibayotiki isiyomfaa inaweza kumletea kuhara kunakomuua. Na hili wenye punda wa Malindi na ndugu zetu wa Lamu ambako punda wanazurura mitaani walishike sana: chakula cha kuku chenye dawa ya koksi aina ya monensini ama salinomaisini ni sumu kwa punda, kidogo tu kinamharibu moyo akafa. Magunia ya chakula cha kuku fungieni ndani.

Hatua ya tano: siku za kusubiri

Hapa nataka tusimame kidogo, sababu hapa ndo unapomgusa mtu mwingine ambaye hakukukosea kitu. Siku za kusubiri ni muda kutoka sindano ya mwisho mpaka maziwa, nyama ama mayai yawe salama. Zinaanza kuhesabiwa baada ya dozi ya MWISHO, si ya kwanza. Ukidunga mara ya mwisho Jumatatu jioni na lebo inasema siku saba za maziwa, ni mpaka Jumatatu ijayo jioni ipite. Kila dawa ina zake, kuna ya siku tatu na kuna ya nyama ya mwezi mzima, soma lebo ya chupa uliyonayo mkononi, usitumie za dawa ya mwaka jana.

Kuchemsha hakukuokoi. Dawa nyingi zinabaki hata maziwa yakichemka, na kuna watu wenye mzio wa penisilini ambao kiasi kidogo tu kinawadhuru. Yule mama anayekununulia lita kumi akagandisha mtindi atakwambia kuna siku maziwa yanakataa kuganda yanakaa maji maji, mara nyingi sababu ni dawa imewaua wale bakteria wa kugandisha. Akikuletea malalamiko hayo msikilize, usimwambie chombo chake kichafu. Na maziwa kuganda vizuri hakumaanishi ni safi, dawa kidogo inaweza kupita.

Ng'ombe anayetibiwa mfunge kitambaa chekundu mguuni ama shingoni ili hata kijana wa kazi ama jirani anayekukamulia ajue. Mkamue wa mwisho, kwa ndoo yake. Maziwa hayo mwaga shimoni mbali na kisima, usimpe ndama, unamlea na vijidudu sugu tangu mdogo. Nikijua inavyouma kumwaga lita nane kwa siku na deni la pumba lipo, bado nakuomba, mwaga.

Mayai yana mtego wake. Antibayotiki nyingi za kuku hazikuruhusiwa kwa kuku wanaotaga, lebo ikiwa haina siku za mayai maana yake usimpe anayetaga, si kwamba siku ni sifuri.

Kwa nyama, angalieni kalenda. Wiki za kabla ya Idd ya kuchinja watu wanataka mbuzi wao waonekane wazuri sokoni, wanadunga wote, wagonjwa na wazima. Mbuzi aliyedungwa dawa ya siku 28 za nyama, akiuzwa baada ya siku sita anachinjwa na dawa mwilini, na familia nzima inakula. Ukikusudia kuuza Idd, malizana na minyoo na chanjo miezi miwili kabla, na aliyeugua karibu na sikukuu abaki nyumbani.

Hatua ya sita: kupunguza haja yenyewe ya dawa

Sweden waliondoa antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006, na ufugaji haukufa. Walirekebisha mabanda, chanjo na chakula. Kwetu nayo inawezekana na sehemu kubwa haihitaji mitambo.

Kuku ndo pa kuanzia. Chanjo ya kideri wiki ya kwanza, rudia wiki ya tatu ama ya nne, baadaye kila miezi mitatu hivi, na Gumboro na ndui kwa ratiba utakayopewa na mtaalamu wako. Kuku wa kienyeji nao wachanjwe, tena mtaa mzima siku moja, tone la jicho ni sekunde na chupa moja inatosha mamia ya kuku, nyumba moja haiwezi kumaliza chupa lakini nyumba kumi zinamaliza. Ukitia chanjo kwenye maji usitumie maji ya mfereji yenye klorini, inaua chanjo.

Achaneni na ile desturi ya antibayotiki kwenye maji siku tano za mwanzo kwa kila kifaranga mzima. Kifaranga anataka joto, digrii 32 mpaka 34 wiki ya kwanza, maji safi, glukosi kidogo akitoka safari. Wakijazana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta wamechomeka. Hapa pwani makosa mengi ni ya joto na unyevu: banda la mabati bila nafasi ya upepo linawapika, la makuti lina ubaridi wake, na msimu wa kusi mvua ikipiga, matandazo yakilowa koksi inaamka na hewa ya mkojo inawaharibu mapafu. Maranda ya mafundi seremala yapo tele mjini, tandika nene, geuza kila siku, toa palipolowa. Bechi ya kuku ikitoka osha, kausha, acha banda tupu wiki mbili. Ukibanana bechi juu ya bechi utanunua dawa maisha yako yote.

Ng'ombe wa maziwa: nawa mikono, kamua michirizi ya kwanza kwenye kitambaa cheusi uone kama maziwa yana mabonge, kitambaa cha kupangusia kila ng'ombe chake, chovya chuchu kwenye dawa ya ayodini baada ya kukamua, na mpe majani asimame kama nusu saa chuchu zifunge kabla hajalala kwenye matope. Ndama apate dang'a ndani ya saa sita za kwanza, lita tatu mpaka nne kwa ndama mkubwa, na kitovu kichovywe ayodini. Kupe ogesha kwa ratiba. Chanjo ya ndigana kali ipo, na hio hudungwa pamoja na oksitetra ya muda mrefu kwa makusudi, sababu mnyama anapewa vidudu hai na dawa inavizuia visimzidi, hio ni matumizi halali kabisa usiogope.

Mbuzi wanataka sakafu kavu, iliyoinuliwa ukiweza, na chanjo za homa ya mapafu na sotoka. Mnyama yeyote aliyetoka mnadani atengwe wiki tatu kabla ya kuchanganywa. Hii peke yake ingezuia balaa nyingi ninazoziona.

Vidonda vya punda si kazi ya sindano. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa osha kidonda mara mbili kwa siku, fukuza nzi, mpumzishe, na urekebishe tandiko, shogi ama kamba inayomchuna. Kama tandiko linabaki vile vile utaosha mpaka mwakani. Kidonda kirefu, kinachonuka ama cha msumari kinahitaji daktari haraka, na punda achanjwe pepopunda.

Hatua ya saba: daftari na maabara

Daftari la shule linatosha. Tarehe, mnyama, dalili na joto, aliyetibu, dawa na bechi, dozi, siku ngapi, tarehe ya maziwa kurudi, tarehe ya nyama, alipona ama hakupona. Uholanzi walipunguza mauzo ya antibayotiki za mifugo kwa zaidi ya nusu kuanzia 2009, na moja ya silaha zao ilikuwa kila shamba kuandika na kulinganishwa na mengine. Kila miezi mitatu kaa na mtaalamu mfungue. Ng'ombe yule yule kiwele mara tatu? Shida ni mkamuaji ama sakafu, ama huyo ng'ombe auzwe kichinjioni baada ya siku za kusubiri kuisha. Pia wanunuzi wa hoteli za Malindi na Watamu ukiwaonyesha daftari mazungumzo ya bei yanabadilika.

Dawa ikishindwa mara mbili kwa ugonjwa ule ule, acha kubahatisha. Maabara ya uchunguzi wa mifugo ya kanda yetu iko Mariakani. Muulize mtaalamu achukue sampuli KABLA ya dawa nyingine kudungwa, maziwa kwa chupa safi iliyochemshwa, chuchu zimepanguswa spiriti, iende kwa barafu. Wanaweza kuotesha bakteria na kuona ni dawa gani inawaua.

Dawa iliyobaki usimpe jirani na usiihifadhi kwa ajili ya mwakani. Mrudishie mtaalamu ama agroveti waiharibu, chupa na sindano zisitupwe jaani, watoto wanaziokota, wala baharini. Samadi ya wanyama waliotibiwa irundikwe ioze vizuri miezi kadhaa kabla ya kwenda kwenye mboga.

Na kile kimeta nilichosema. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni ama nyuma, na tumbo limefura haraka: usimchinje, usimchune, usimpasue, usiwagawie watu nyama hata kama alionekana mzima jana. Funika, zuia mbwa na watoto, piga simu ofisi ya mifugo saa hio hio. Kama kuna mtu ashaigusa ama kuila hio nyama aende hospitali leo, aseme wazi ni mzoga wa aina gani.